Mstari Mwekundu Ubavuni

Chombo changu kina mstari mwekundu ubavuni, upana wa vidole viwili, unaoanzia omo hadi tezi. Niliuchora kwa mkono wangu mwishoni mwa mwaka 2011, chombo kikiwa kimepandishwa mchangani kupakwa deheni. Wapakiaji wa gatini Tanga wanaujua. Mifuko ya mwisho ikiteremshwa shehenani, mmoja wao huinama kuutazama. Ukigusa maji, mfuko uliouzamisha unarudi ulikotoka, hata kama mwenye mzigo amesimama hapo na pesa mkononi. Wafanyabiashara wawili wameniacha kwa sababu ya mstari huu, wakaenda kwa manahodha wengine. Nimekubali.

Nataka kueleza ulikotoka, kwa sababu kwa miaka 17 nilikuwa nikiwaeleza watu jambo jingine.

Mwaka 1994 nilikuwa nahodha wa jahazi la tajiri mmoja. Tulichukua saruji na mabati kutoka Tanga kwenda Wete, tukarudi na nazi na chochote kilichopatikana. Ilikuwa Julai, kusi imechachamaa. Chombo kile kilizoea mifuko 200 ya saruji, ndizo tani 10. Siku ile tajiri akaniambia niongeze 60, kwa kuwa bei ya Pemba ilikuwa imepanda. Nikayatazama maji ya bandarini, yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. Nikasema haya. Sikulazimishwa na mtu, wala sikutishwa. Tukapakia mifuko 260, tani 13, na juu ya shehena hiyo wakapanda abiria 9 waliokuwa wakienda harusini. Kabla ya kung'oa nanga nilipima kwa mkono ubavu uliobaki juu ya maji, kama nilivyozoea. Ilikuwa shubiri moja na nusu. Nikajifanya sikupima.

Bandari ya Tanga huwadanganya watu, maana miamba inaikinga. Ukishaipita miamba unaingia katika mkondo wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita, maji yanakwenda kaskazini kwa kasi, na kusi inayasukuma kutoka nyuma. Wewe unakwenda mashariki, kwa hiyo kila wimbi linakupiga ubavuni. Chombo kilichopakiwa kwa haki huinuka, wimbi likapita chini yake. Chetu hakikuwa na pa kuinukia. Ilipofika saa nne asubuhi maji yalikuwa yakiingia upande wa kulia kila baada ya mawimbi matatu au manne, na waliokuwa wakifua maji kwa ndoo hawakuwa na nafasi hata ya kujipangusa chumvi machoni.

Maji yakashuka shehenani yakaikuta saruji. Mfuko wa saruji ukilowa haushikiki tena. Karatasi inachanika kwenye vidole, na kinachobaki mikononi ni uji wa kijivu, mzito, unaoteleza na kuunguza ngozi. Nikaamuru tutose mzigo. Baharia wetu mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 19, mtoto wa Wete, mwepesi, mwenye kifua kipana. Nikamwambia ashuke chini awapandishie wenzake mifuko. Akanijibu, “Haya, nahodha.” Akavua kofia yake ya viua aliyoshonewa na mama yake, akamkabidhi abiria mmoja amshikie, akashuka.

Mifuko kama 30 ilikuwa imekwisha kwenda majini pale kamba ya demani ilipokatika. Tanga likapiga, chombo kikalala ubavu, na shehena yote ikahamia upande mmoja. Yeye alikuwa chini yake.

Tulikuwa 15. Waliojishikiza kwenye foromali na madumu matupu walikuwa 14. Mkondo ukatuchukua kaskazini hadi tukauona mnara wa taa wa Ras Kigomasha, na alasiri wavuvi wakatuokota. Yule abiria alikuwa ameivaa kofia kichwani asije akaipoteza, ndiyo maana ilifika nchi kavu. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa mama wa kijana yule.

Mama yake alikuwa ameketi juu ya mkeka na wanawake wa mtaani wamemzunguka. Niliingia na kofia nimeikunja mkononi, chumvi imeikausha ikawa ngumu kama gome. Hakulia mbele yangu. Aliuliza swali moja tu: “Kwani chombo kilikuwa kimejaa?”

Nikamjibu, “Mama, ni kazi ya Mungu. Bahari ya jana haikuwa ya mwanadamu.”

Wazee waliokuwapo wakaitikia kwa sauti moja, mmoja akaanza kusoma Fatiha, na swali lake likafunikwa hapo. Tajiri alileta gunia la mchele na ubani wa rambirambi. Hakuna aliyeuliza tena.

Kila kitu ni kazi ya Mungu, nami nayaamini hayo leo kama nilivyoyaamini siku ile. Uongo wangu ulikuwa kulichukua jina Lake nikafunikia mifuko 60. Niliifanya desturi. Kila nilipoulizwa habari za ajali ile, gatini, msikitini, harusini, nilitoa jibu lile lile, na kadiri nilivyolirudia ndivyo lilivyozidi kunikaa mdomoni, mpaka nikawa ninaliamini nusu.

Mwaka 2003 nilikwenda Dar es Salaam kusomea cheti cha unahodha. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyetumika kwenye meli kubwa miaka mingi, mtu wa maneno machache. Siku moja alichora ubaoni duara lenye mstari katikati, na pembeni yake ngazi ya vistari vifupi vyenye herufi. Wengi wetu tulikuwa tumeiona alama ile kwenye mbavu za meli tukidhani ni chapa ya kampuni. Akaeleza kwamba ni mwisho wa maji, kwamba meli ikipakiwa hadi mstari ule ukazama, imevunja sheria. Vile vistari vya pembeni ni kwa ajili ya maji tofauti: maji baridi ya mtoni huzamisha chombo zaidi kuliko maji ya chumvi, na bahari ya Atlantiki ya kaskazini wakati wa kipupwe hutaka ubavu mrefu kuliko bahari ya joto kama yetu.

Kisha akatueleza alama ile ilikopatikana. Katika karne ya 19 meli za mizigo za Uingereza zilikuwa zikizama kwa wingi, na mabaharia wakaziita majeneza yanayoelea. Zilikuwa kuukuu, zimepakiwa kupita kiasi, na nyingine zimekatiwa bima kubwa kuliko thamani yake, kiasi kwamba mwenyewe hapati hasara zikienda chini. Baharia aliyekwisha kuweka saini, kisha akakiona chombo na kukataa kupanda, alifungwa jela. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliyekuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, aliandika kitabu mwaka 1873 kuwatetea mabaharia. Mwaka 1875 muswada alioutegemea uliposogezwa kando alisimama bungeni akiwa na hasira, akawaita waovu wale wanaowapeleka mabaharia kifoni, au kwa maneno yanayokaribia hayo. Mwaka uliofuata sheria ikapita na alama ikawa lazima. Lakini mwenye meli aliachiwa aichore anapotaka mwenyewe. Ilibidi ingojewe hadi 1890 ndipo sheria ikasema ichorwe wapi.

Wenzangu waliandika daftarini. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nikihesabu: 260 toa 200. Nilijua, kwa mara ya kwanza bila pa kukimbilia, kwamba nchi nzima iliwahi kugombana juu ya jambo lile lile nililolifanya kwa neno moja, haya, na kwamba mtu alikwisha kuthubutu kulitaja kwa jina lake.

Mzee yule aliona kitu usoni mwangu, maana siku chache baadaye alinipa kitabu cha safari za kale. Nilikisoma taratibu, kwa kamusi. Humo ndimo nilimokutana na habari za pwani yangu mwenyewe. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani mwenyeji wa bahari hii, upepo ukiwa umegeuka kuelekea India, akavuka kwa takriban siku 23. (Watu wengi hapa hupenda kusema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na wapo wanaoona alikuwa Mgujarati.) Wakati wa kurudi hakungoja. Kaskazi ilikuwa haijaingia, naye akatweka tanga Oktoba. Kila mvuvi wa pwani yetu angemwambia akae. Safari iliyomchukua siku 23 ikamchukua karibu miezi mitatu, kati ya upepo wa mbisho na siku za shwari tupu.

Kiseyeye kikawaingia. Fizi zilivimba zikafunika meno, miguu ikajaa, mtu akawa hawezi kutafuna. Walikufa watu wapatao 30, na kila meli ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, walituma mtu nchi kavu kuwaombea wagonjwa machungwa. Baadaye, kwa kukosa watu wa kuziendesha meli zote tatu, waliichoma moto mojawapo, São Rafael, katika mafungu ya Mtangata. Mtangata ndiyo Tongoni, kwetu. Nimepita juu ya maji yale tangu nikiwa mtoto bila kujua kwamba palichomwa chombo hapo kwa sababu mkuu wa msafara wake hakusubiri upepo.

Wao waliijua dawa kwa ulimi wao, maana waliomba machungwa. Lakini mwaka 1747, miaka 248 baadaye, tabibu James Lind wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury alikuwa bado akitafuta. Aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili. Wengine aliwapa siki, wengine maji ya bahari, na wawili akawapa machungwa mawili na limau moja kila siku. Wawili hao ndio waliopona upesi. Mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Baadaye aliandika kitabu. Hata hivyo, jeshi la wanamaji la nchi yake lilianza kutoa maji ya limau rasmi mwaka 1795. Hesabu mwenyewe: miaka 48. Miaka mingi kati ya hiyo vijana walikuwa wakitupwa baharini wamefungwa katika turubai, na mtu wa dini akisoma dua juu yao, na jibu limo ndani ya kitabu.

Habari hiyo ilinifanya nikifunge kitabu, nisikifungue kwa wiki nzima. Mimi jibu langu lilikuwa ndani ya kifua.

Sisemi bahari haina lake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, mahali ambapo wazee hawakuwa na kumbukumbu ya jambo kama lile, kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, vikiwamo vya Sultani. Nahodha aliyekufa siku ile hakuna swali la kumuuliza. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, tulipata tahadhari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa siku kadhaa kabla, boti za Unguja zikasimama, nami nikakivuta chombo changu mikokoni nikakifunga kamba nne. Upepo ulikuwa wa Mungu mara zote mbili. Kilichobadilika ni kile ambacho mtu anakijua kabla ya kung'oa nanga, na akishakijua hawezi tena kusema hakukijua.

Nilirudi Tanga na cheti. Nikaacha kazi kwa tajiri yule, nikaanza kupakia kwa uangalifu, lakini kwa siri, bila kusema kwa nini. Nilikuwa nimebadili mkono. Mdomo ulikuwa bado ule ule. Nilipofika Wete nilikuwa nikizunguka njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwa mama yule.

Asubuhi ya Jumamosi, 10 Septemba 2011, nilikuwa Wete nikishusha mabati. Habari zilifika kwa simu, moja moja, kisha zote kwa pamoja: MV Spice Islander, iliyoondoka Unguja usiku kuja Pemba, imezama katika mkondo wa Nungwi. Watu walikuwa wakirudi kutoka mapumziko ya Idi, kila nyumba ina mtu wake. Chombo kile kiliidhinishwa kubeba watu 600 na ushei. Tume ya uchunguzi baadaye ilisema waliokuwamo walizidi 2,000. Siku ile hatukuwa na hesabu. Tulikuwa na wanawake waliosimama gatini wakitazama maji, simu mkononi, wakipiga namba ambayo haiiti.

Karibu yangu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa akingoja mke na wajukuu. Kijana wa gatini akamshika bega akamwambia, kwa huruma kabisa, “Mzee wangu, ni kazi ya Mungu.” Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha kijana yule. Nikaweka chini bati nililolishika.

Sikwenda siku hiyo. Mji mzima ulikuwa na misiba. Nilikwenda baada ya arubaini, alasiri, peke yangu. Nikapiga hodi. Alikuwa barazani anashona kofia, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. “Shikamoo, mama.” “Marahaba. Karibu, nahodha.” Alinitambua kabla sijajitaja.

Nilimweleza yote, kuanzia neno la tajiri hadi shubiri moja na nusu. Sindano ilikuwa ikiingia na kutoka. Nilipofika pale nilipomwambia mwanawe ashuke shehenani, ikasimama.

“Mifuko mingapi?” akauliza.

“260.”

“Na kilikuwa kinachukua mingapi?”

“200.”

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wakichakura chini ya mfenesi. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, “Mimi miaka 17 nimemkasirikia Mungu. Nasali vipindi vitano, nafunga, na moyoni nina neno naye. Nilikuwa namwuliza kwa nini. Kumbe nilikuwa simwulizi mwenyewe.”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kushitakiwa. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Nilidhani nilimnyang'anya mtoto. Nilikuwa nimemnyang'anya na kitu kingine ambacho sikujua kama mtu anaweza kumnyang'anya mwenzake, nikakaa nacho miaka yote ile. Nililia pale barazani, mtu mzima wa miaka 52, naye akaendelea kuishika kofia bila kushona.

Sikuomba radhi kwa maneno mazuri. Nilisema nimekosa. Hakusema amesamehe, na hadi leo hajasema, wala sijamwuliza. Alichosema wakati ninaaga ni hiki: “Hicho chombo chako cha sasa, watu watajuaje kimejaa?”

Nikamwambia nitakichora.

Nilipokichora nilitumia siku nzima. Nilikipakia kwanza mchanga uliopimwa, nikakitoa nje ya bandari siku ya upepo wa wastani, nikatazama kinavyoinuka, nikapunguza, nikakitoa tena, mpaka niliporidhika kwamba wimbi linapita chini. Hapo nikaweka alama kwa msumari, na kilipopandishwa mchangani nikaweka rangi nyekundu, mikono miwili, wa pili ulipokauka wa kwanza. Juu ya mstari zinabaki shubiri tatu za mkono wangu. Abiria siwachukui juu ya shehena. Kila aliyemo ana boya lake la kuvaa, na anayekataa kulivaa kwa sababu ya joto hushuka kabla ya kamba kufunguliwa. Mabaharia wangu nimewaeleza habari ya mifuko 60, kila mmoja, siku yake ya kwanza kazini, kabla hajagusa kamba. Mmoja aliniuliza kwa nini ninajiaibisha. Nikamwambia akashushe nanga.

Wafanyabiashara husema, “Nahodha, leo maji yametulia, tia kumi tu.” Huwaonyesha mstari. Wengine hucheka, wengine hununa, na wengi wao siku hizi hupunguza wenyewe kabla sijafika. Lakini vyombo vingine vipo, ninaviona vikitoka bandarini mbavu zimelingana na maji, watu wamekaa juu ya magunia, na nahodha amesimama tezini kama nilivyosimama mimi. Huwa ninawaita kwa sauti. Wengi hawageuki.

Kule Wete, chombo changu kinapofika, mtoto wa miaka tisa huja gatini akikimbia. Ni kitukuu wa mama yule, naye hutumwa. Safari iliyopita alishika kamba, akalala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono hadi kwenye ubavu kabla hatujaanza kushusha, akapima kwa kiganja chake kidogo kutoka kwenye maji hadi kwenye ukingo wa chombo. Akarudia mara ya pili. “Nne na vidole viwili,” akasema, hakunitazama, akaondoka mbio kwenda kumwambia bibi.